Mugeni wa Nusu Mwaka

Bujumbura, 4 Agosti 2023

Kwako Yaya Uwituze, dada yangu mukubwa,

Bwana asifiwe. Natumaini barua hii inawakuta wazima hapo Uvira, mutaa wa Rugenge, weye, watoto na Mama. Mimi niko muzima. Nilipata chumba chenye dirisha upande wa ziwa. Asubuhi, ukungu ukiondoka, ninaona milima ya kwetu yote, na chini yake mabati ya Uvira yanaangaza.

Ninaandika kwa karatasi, juu simu yako inapita mikononi mwa nyumba nzima, na neno hili sitaki lifike kwa Mama kabla weye hujalipima. Alliance, yule mama wa vitenge, amekubali kupita na barua zetu kila anapovuka mupaka.

Niliondoka vibaya, najua. Niliwaambia kazi imeniita Bujumbura. Kazi haikuniita. Niliondoka juu siku zangu zilikuwa karibu kuisha. Siyo siku za viza. Ni siku za kodi.

Tangu nilipochukua pasipoti ya Kanada, Kongo mimi ni mugeni. Hiyo unaijua. Lakini mugeni akikaa kwa inchi ya watu zaidi ya nusu mwaka, watu wa kodi wanaweza kusema huyu si mugeni tena, ni mukaaji. Na mukaaji anadaiwa kodi ya kila anachopata, hata kile anachopatia mbali. Kule Kanada nilishajitoa, niliuza nyumba, nikafunga kila kitu, ili wasinihesabu tena. Bujumbura nitakaa kidogo, kisha Nairobi. Ile kampuni ninayoichorea mitambo ya maji imesema wazi kwamba haitaki muntu wake awe mukaaji wa Kongo, juu hapo nayo itaitwa ilipe kodi. Siku ikitokea hivyo, mukataba umekufa. Na weye unajua mukataba huo ndio dawa za Mama na shule ya watoto wako.

Mushauri wangu wa kodi hapa, Jean-Berchmans, anasema mwaka mupya ukifunguka tunaanza kuhesabu siku upya. Nitakuja Januari.

Mama umwambie ni kazi.

Mudogo wako,
Tuyisenge

*

Rugenge, 27 Agosti 2023

Mudogo wangu Tuyisenge,

Amani ya Bwana iwe kwako. Sisi tuko. Maziwa yanashuka kutoka juu milimani kidogo kidogo, siku zingine hayashuki kabisa, juu kule risasi zilirudia. Wateja wanakuja na vibidoni vyao, wanarudi navyo vitupu, wanadhani minye ndiye ninaficha. Mutoto wangu Niyonsaba alifaulu, sasa anaingia mwaka wa sita. Anakusalimia na anauliza kama ile kompyuta ya zamani uliiacha makusudi ama uliisahau.

Mama miguu inavimba. Asubuhi inakuwa afazali, jioni viatu haviingii. Nilimwambia ni kazi. Akaniuliza: "Kazi gani hiyo ya kompyuta ambayo aliifanyia hapa mezani miezi yote, na leo haiwezi kufanyiwa hapa?" Nilienda jikoni.

Niko najaribu kuelewa barua yako. Ukikaa kwetu siku nyingi, unakuwa muntu wa kwetu, na hiyo ndiyo hatari. Ni hivyo? Nisahihishe kama nimekosea.

Majirani nao wanauliza. Wanasema wanakuona mjini Bujumbura ukinywa chai pale karibu na soko, na muntu akienda asubuhi anaweza kurudi jioni. Ninawajibu kwamba uko na shughuli.

Eliane alikuja Jumapili baada ya ibada. Alimukanda Mama miguu, wakaimba nyimbo mbili. Akaniuliza utarudi lini, nikamwambia Januari. Akasema, "Januari ni mbali," kisha akanyamaza. Labda weye unajua neno alilonyamazia.

Ninakuombea.

Yaya wako,
Uwituze

*

Bujumbura, 9 Oktoba 2023

Yaya mupenzi,

Bwana asifiwe. Nisamehe kuchelewa. Nilikuwa Nairobi, huko mvua na baridi, nikapata mafua ambayo hayakutaka kuniacha. Nashukuru kwa habari za Niyonsaba. Kompyuta ni yake, aitumie. Mama nimemutumia dawa za presha kupitia Alliance. Zile ndogo nyeupe ni za asubuhi.

Kuna neno la haraka. Nilidhani ni siku tu zinazotazamwa. Jean-Berchmans amenifungua macho. Anasema hata ukikaa siku chache, wanaweza kuuliza foyer yako iko wapi. Weye unajua Kifaransa: foyer ni nyumba na watu wake, na ni mahali pa moto pia. Wanauliza moto wako unawaka wapi. Nani anakungoja ale na weye? Uko na nyumba? Uko na muke? Wakikuta moto wako uko Uvira, siku hazikusaidii tena.

Kwa hiyo ninakuomba mambo mawili. Vile vyumba nilivyojenga kwenye parsele, kile kiwanja cha Baba, viandikwe jina lako. Na kampuni inataka karatasi yenye mukono wa muntu wa familia kabla mwaka haujaisha. Andika tu hivi: Tuyisenge akipita Uvira anapokelewa kwetu kama mugeni, hana nyumba, hana muke wala mutoto mahali hapa.

Ni maneno ya biro, ya ofisi tu, Yaya. Sisi kwa sisi tunajuana.

Umusalimie Mama sana. Salamu kwa wote wanaoniuliza.

Tuyisenge

*

Rugenge, 2 Novemba 2023

Tuyisenge,

Amani iwe kwako. Dawa zilifika, asante. Hapa mvua ilinyesha siku tatu, muto Mulongwe ukapanda, tukalala na viatu miguuni, lakini maji hayakufika kwetu. Mama alikaa hopitali wiki moja. Moyo umepanuka, daktari anasema hivyo. Sasa Mama iko nyumbani, analala akiegemea mito, juu akilala sawasawa pumzi inakatika.

Karatasi yako sijaandika.

Ulikuwa mudogo, labda hukumbuki vizuri. Minye ninakumbuka. Tulikuwa tunashuka na Baba kwenda soko la Uvira, mbuzi wawili mbele yetu. Kwenye kizuizi vijana wenye silaha wakamwambia, "Rudini kwenu, ng'ambo ya mupaka." Baba akavua kofia, akajibu kwa heshima kabisa: "Kwetu ni Bijombo, milima ile pale juu. Ng'ombe wa babu yangu walinywa maji ya kule." Wakamwambia aseme tena. Akasema tena vile vile. Walimupiga na kitako cha bunduki, na tangu siku ile sikio la kushoto halikusikia mpaka tulipomuzika. Angeweza kusema tu kwamba anapita. Wangemuacha.

Leo mutoto wa Sebagenzi huyo huyo analipa muntu wa Bujumbura amusaidie kuonyesha kwamba hapa si kwao. Na anataka minye niweke mukono.

Hilo ni moja. La pili, ulilisema mwenyewe, "hana muke wala mutoto". Ulivyoandika neno hilo, kalamu haikukwama? Eliane iko na mimba. Miezi mitano. Alimwambia Mama kabla yangu. Mama alifurahi, nakwambia ukweli, alifurahi mpaka nikaogopa moyo wake.

Andika kwamba mutoto si wako, na minye nitafunga kinywa.

Uwituze

*

Bujumbura, 20 Novemba 2023

Yaya,

Bwana asifiwe. Pole na maji, pole na hopitali. Nimefurahi kusikia Mama yuko nyumbani.

Mutoto ni wangu. Sikatai, na nimemuandikia Eliane vile vile.

Lakini unisikilize bila hasira. Nikimuoa leo, moto wangu uko Uvira, hata nikikaa siku moja tu kwa mwaka. Nikimuleta hapa Bujumbura, basi hapa ndipo panakuwa kwangu, na Burundi nayo iko na watu wake wa kodi. Nikimupeleka Nairobi ni vile vile. Ninaweza kuwa popote, mradi nisiwe na kwangu. Nilidhani hiyo ni werevu. Nilimwambia Jean-Berchmans, "Basi nitaishi wapi?" Akacheka, akanijibu, "Muteja wangu, unaishi kwenye pasipoti."

Mukataba ni wa miaka miwili. Nikiuvumilia, mutoto hatakosa kitu, na Mama hatakosa daktari. Nikija kukaa nanyi sasa, nitakuja mikono mitupu, na utaniona nimekaa kwenye kibao pembeni yako, nikingoja maziwa yashuke kama wengine wote. Ni nini kitamusaidia Mama, mimi kuwa kando yake au dawa?

Maneno ya Baba nimeyasoma.

Karatasi, tafadhali. Wanaingoja mpaka Noeli.

Tuyisenge

*

Rugenge, 14 Desemba 2023

Mudogo wangu,

Amani iwe kwako. Watoto wako salama, wanafanya mazoezi ya kwaya ya Noeli, nyumba ni kelele tupu. Eliane anakuja kila siku sasa. Anapika, anamuogesha Mama, anarudi kwao jioni. Hajanionyesha ulichomuandikia, na minye sikumuuliza.

Karatasi ni hii hapa ndani. Nimeweka mukono.

Nilikuwa ninaiandika mezani, nikadhani Mama iko analala. Akafungua macho.

"Unaandika nini muda huu wote?"

"Karatasi ya Tuyisenge."

"Inasema nini?"

Ningeweza kumudanganya. Nilichoka kumudanganya. "Inasema hana nyumba hapa, Mama. Na hana muke, na hana mutoto."

Eliane alikuwa mulangoni na beseni ya maji. Alisimama.

"Nani anataka kujua?" Mama akauliza.

"Watu wa kazi yake."

Alijiinua kwenye mito. Kisha akasema: "Andika vizuri basi. Herufi zionekane. Wasije wakamusumbua mutoto wangu."

Ndipo nikaandika vizuri. Eliane alimwaga maji nje, akateka mengine, juu yale yalikuwa yamepoa.

Noeli njema.

Uwituze

*

Nairobi, 11 Januari 2024

Yaya mupenzi,

Heri ya mwaka mupya kwa nyumba nzima. Karatasi ilipokelewa, mukataba umeendelea. Ninakushukuru, na Mama umushukuru, hata kama sijui utamuambiaje.

Najua nilisema Januari. Mwaka umefunguka na njia iko wazi, siku zote ziko mbele yangu. Lakini Jean-Berchmans anashauri nisionekane Uvira mutoto akiwa karibu kuzaliwa. Anasema mutoto akizaliwa nami niko ndani ya nyumba ile ile, karatasi haitakuwa na nguvu. Tupitishe miezi michache. Nitakuja Pasaka, nikae nanyi vizuri.

Umwambie Eliane ajifungulie hopitali, si kwa mukunga wa mutaa. Mama ajikaze, Pasaka si mbali.

Nairobi kuna joto sasa. Ninakaa gorofa ya nne, na sijui jina la jirani hata mumoja.

Tuyisenge

*

Rugenge, 19 Machi 2024

Kwako Tuyisenge,

Tuko. Watu wa matanga wameondoka, nyumba imekuwa kubwa. Ninaandika juu siku ile hatukupata nafasi ya kusema, na kwa simu siwezi.

Najua ulikuja mbali kwa haraka, na wazee walikungojea na jeneza la Mama likiwa uani, juani. Hakuna aliyenung'unika. Uliweka udongo wa kwanza, ulisema vizuri, watu walilia. Hiyo ninakushukuru.

Lakini jioni, watu walipotandika mikeka ili walale na sisi, ulisimama, ukaita taksi-moto, pikipiki ya kukodi. Muzee wa kanisa aliniuliza mbele ya wote: "Mutoto wa marehemu anaenda wapi?" Nikasema umechoka. Akasema, "Sisi sote tumechoka." Ulilala hoteli ya kando ya ziwa ili jina lako liandikwe kwa wageni. Nilikuwa ninaelewa. Ni minye tu katika watu wote pale niliyekuwa ninaelewa, na ile kuelewa ndiyo iliniumiza zaidi.

Na Eliane. Alikuwa kwenye moto anapika chai ya watu, tumbo limeshuka, kila muntu anaona. Ulimupa mukono kama unavyomusalimia muke wa pasta. Ukasema, "Pole na kazi." Alijibu, "Asante, karibu." Nilimutazama baadaye. Hakulia. Alihesabu vikombe, akaosha, akavipanga, akafunga kitenge chake na kwenda.

Alijifungua wiki iliyofuata, hopitali, kama ulivyotaka. Ni musichana. Tumemuita Amahoro. Iko na paji la uso la Baba.

Pasaka ukikuja ama usipokuja, sisi tuko.

Uwituze

*

Bujumbura, 2 Septemba 2024

Yaya yangu,

Bwana asifiwe. Nilipiga simu mara nyingi, hukupokea. Sikulaumu. Pasaka sikufika, na sitakuandikia sababu yake, juu unaijua.

Mukataba umekufa. Haukufa kwa sababu ya kodi wala Uvira. Kampuni imekosa pesa za mradi, ikatuachisha sote siku moja, kwa barua ya mistari minne kwenye kompyuta. Walioishi makwao na mimi niliyeishi kwenye pasipoti, wote tumepata mistari ile ile.

Nilienda kwa Jean-Berchmans. Nilimukuta anakula. Akaniambia, "Sasa uko huru, kaa popote unapotaka. Asiye na kipato hakuna anayemutafuta." Alinikaribisha chakula, nikakataa. Nilitoka nikashuka mpaka ufukweni, nikasimama natazama upande wa kwetu. Ilikuwa kiangazi, moshi wa mashamba umefunika milima, hakuna kilichoonekana.

Yaya, nataka kurudi nyumbani. Kwa kukaa. Nitaomba viza ya mukaaji, nitalipa kodi nikipata cha kulipia, nitafundisha hesabu shule yoyote itakayonipokea. Nataka kumuomba Eliane musamaha mbele ya wazee, na kumupa mutoto jina langu. Siwezi kufika mulangoni bila neno lako. Alliance ameacha kuvuka, miguu inamusumbua; barua hii nimempa dereva mumoja wa gari la mizigo. Nijibu hata mustari mumoja.

Tuyisenge

*

Rugenge, 21 Oktoba 2024

Mudogo wangu Tuyisenge,

Amani ya Bwana iwe kwako. Watoto ni wazima. Niyonsaba alirudi shule, anafundisha wenzake ile kompyuta. Maziwa nimeacha, hayashuki tena. Ninauza unga wa muhogo sasa, na vumbi lake linanifanya nikohoe.

Simu zako nilikuwa ninaziona zikiita. Niliacha ziite mpaka ziishe.

Barua yako ya Septemba ilinifikia Jumatatu iliyopita. Dereva aliiacha ndani ya gari, gari likaharibika Kavimvira, pale mupakani, likakaa kwa fundi zaidi ya mwezi. Aliniomba radhi vizuri, ni kijana mupole, siwezi kumuhukumu. Lakini lazima nikwambie kilichopita Jumamosi, kabla ya Jumatatu hiyo.

Eliane alihamia Kamanyola mwezi wa sita, kwa mujomba wake. Hakunificha, alikuja kuniaga na mutoto mugongoni. Kule kuna mwanaume anaitwa Cyprien, muke wake alikufa, analima mupunga kwenye tambarare. Alienda kanisani akaomba kumuoa Eliane pamoja na mutoto. Wazee wa kule ni watu wa haki. Walisema hawawezi kufunga neno bila kusikia upande wa baba wa mutoto. Wakaniita.

Nilienda, nikakaa na wamama. Cyprien alikuwa amemubeba Amahoro, anamulisha viazi vilivyopondwa, naye anamushika ndevu. Muzee akasimama: "Kuna muntu wa ukoo wa Sebagenzi hapa?" Nikasema niko. Akaniuliza: "Ukoo uko na neno juu ya mutoto huyu? Kama liko, mulitoe leo. Tukifunga leo, hatufungui tena."

Walinitazama wote. Eliane peke yake aliangalia chini.

Tuyisenge, niliwaza kukusemea. Niliwaza kuomba wiki moja. Lakini ningesema nini? Minye mwenyewe ndiye niliandika na kuweka mukono kwamba huna mutoto hapa, na tangu matanga hukuandika kitu. Nikasimama. Nikasema: "Hatuna neno." Wakaomba, wakafunga neno. Mutoto anaitwa jina la Cyprien sasa. Nilirudi na taksi-moto mpaka Uvira, vumbi lote machoni, hata dereva hakujua kama ninalia.

Jumatatu ndipo nikapata barua yako. Nilikaa nayo wiki nzima, nikitafuta namna ingine ya kuandika hii. Haiko.

Nyumba ya Baba ipo. Vyumba vyako nimepangisha kwa familia iliyokimbia kutoka juu. Wako watu tisa, siwezi kuwatoa, lakini kwangu kuna nafasi. Kaa siku unazotaka, hakuna atakayezihesabu.

Ila ukivuka mupaka, kuja moja kwa moja Rugenge. Usipande Kamanyola. Wale wametulia.

Yaya wako,
Uwituze